Shimo Lisilofunikwa: Kampuni ya Saruji, Hewa ya Ukaa na Maana ya Ahadi

Utangulizi

Hakuna usharika katika nchi zetu usioujua mfuko wa saruji. Kanisa linapojengwa, au nyumba ya mchungaji, au zahanati ya dayosisi, washarika huandikisha ahadi zao kwa mifuko: huyu mitano, yule kumi, kikundi cha akina mama hamsini. Mwaka unapokaribia kwisha, wazee wa kanisa hufungua kitabu na kutazama nani ametimiza na nani bado. Saruji na ahadi ni maneno mawili yaliyokaa pamoja katika maisha ya Kanisa kwa muda mrefu.

Katika makala hii tunakusudia kuyatazama maneno hayo mawili kwa upande mwingine. Makampuni yanayotengeneza saruji nayo yameandikisha ahadi. Yameahidi mbele ya dunia kupunguza hewa ya ukaa inayotoka katika viwanda vyao, hewa ambayo ni sababu mojawapo kubwa ya mabadiliko ya tabianchi. Ahadi hizo hutangazwa kwa vitabu vizuri vya taarifa na kwa maneno ambayo mtu asiye mtaalamu hawezi kuyafumbua kwa urahisi. Swali linalotukabili ni hili: je, mchungaji, ambaye wito wake ni kulipima neno la ahadi, anaweza kuzisoma ahadi hizi na kusema jambo la haki juu yake?

Tumechagua kampuni moja iwe mfano wetu, nayo ni Holcim ya Uswisi. Si kwamba ni mbaya kuliko nyingine. Katika baadhi ya mambo ilitangulia wenzake. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kwa miaka kadhaa ilikuwa mwenye hisa nyingi katika viwanda vya saruji vya Bamburi nchini Kenya, Hima nchini Uganda na Mbeya nchini Tanzania, kisha ikaviuza. Pili, imeshtakiwa na wakazi wa kisiwa kidogo cha Indonesia kwa ajili ya hewa ya ukaa, na shirika la misaada la Makanisa ya Kiprotestanti ya Uswisi limesimama pamoja na washtaki hao. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kuingia ndani ya Kanisa, tupende tusipende.

1. Hewa ya ukaa hutokaje katika saruji?

Kabla ya kuhukumu yatupasa kufahamu. Saruji ya aina ya Portland, ambayo Joseph Aspdin alipewa hati ya uvumbuzi wake huko Uingereza mwaka 1824, hutengenezwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi. Mchanganyiko huo hupitishwa katika tanuri refu lizungukalo, lenye joto lifikalo nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Yatokayo ni vinundu vigumu viitwavyo klinka. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, nayo ndiyo saruji tunayoijua.

Hewa ya ukaa hutoka mahali pawili. Mahali pa kwanza ni moto wenyewe, yaani makaa ya mawe, mafuta au gesi inayochomwa ili kulipasha tanuri joto. Mahali pa pili ni jiwe. Jiwe la chokaa limefungamana na hewa ya ukaa tangu zamani za kale. Likipashwa joto, fungamano hilo huvunjika. Katika kila kilo 100 za chokaa safi, kilo 56 hubaki kuwa chokaa iliyoungua na kilo 44 huondoka kama hewa ya ukaa. Hesabu hii ni ya asili ya jiwe lenyewe, wala hakuna fundi awezaye kuibadili. Kwa makadirio ya kawaida, asilimia 60 hivi ya hewa ya ukaa ya kiwanda cha saruji hutoka katika jiwe, na asilimia 40 hutoka katika moto.

Jambo hili ni la msingi. Mtu anaweza kufikiri kwamba kampuni ikiacha makaa ya mawe na kutumia umeme wa maji au jua, tatizo limekwisha. Sivyo. Hata tanuri likipashwa kwa moto usio na moshi kabisa, jiwe litaendelea kuitoa hewa yake. Ndiyo maana tasnia ya saruji peke yake hukadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa yote ya ukaa itokanayo na shughuli za wanadamu, kwani dunia hutengeneza saruji tani bilioni 4 hivi kila mwaka.

Njia za kupunguza zipo, nazo kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kuboresha matanuri na kubadili kinachochomwa. Ya pili ni kupunguza klinka katika saruji na kuongeza vitu vingine vyenye kushikamana, kama vile majivu ya volkano, masalio ya kuyeyusha chuma, au udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na unga wa chokaa. Warumi wa kale walijenga kwa majivu ya volkano yaliyochimbwa karibu na Pozzuoli, na majengo yao mengine yamesimama hata leo. Ya tatu ni kuinasa hewa ya ukaa kabla haijatoka katika bomba na kuizika chini ya ardhi. Njia hii ni ghali mno, lakini si ndoto. Katika mji wa Brevik nchini Norwei, kampuni ya Heidelberg Materials ya Ujerumani ilizindua mwezi Juni 2025 mtambo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, ambazo husafirishwa na kuzikwa chini ya sakafu ya bahari. Serikali ya Norwei ilibeba sehemu kubwa ya gharama. Hata hivyo kiasi hicho ni karibu nusu tu ya hewa ya ukaa ya kiwanda kile kimoja.

2. Kampuni na ahadi zake

Holcim ilianza mwaka 1912 katika kijiji cha Holderbank, Uswisi. Mwaka 2015 iliungana na Lafarge, kampuni ya Ufaransa yenye historia ndefu zaidi, na kwa njia hiyo ikavirithi viwanda ambavyo Lafarge ilikuwa navyo Afrika Mashariki. Kwa miaka michache iliitwa LafargeHolcim. Mwaka 2021 ikarudia jina la Holcim.

Mwezi Septemba 2020 kampuni hiyo ilitia sahihi ahadi ya kufikia kile kiitwacho sifuri halisi, yaani hali ambayo hewa ya ukaa inayotolewa haizidi ile inayoondolewa angani. Ilikuwa miongoni mwa makampuni makubwa ya vifaa vya ujenzi yaliyotangulia kufanya hivyo. Iliahidi kwamba kufikia mwaka 2030 kila tani ya bidhaa zake za saruji itakuwa na kilo 475 za hewa ya ukaa. Mwaka 2022 lengo hilo liliongezwa uzito, likawa chini ya kilo 420. Mwisho wa safari uliwekwa kuwa mwaka 2050. Malengo haya yalipelekwa kwa chombo cha kimataifa kinachoyapima malengo ya makampuni kwa kipimo cha sayansi, na yakakubaliwa.

Tukiwa waaminifu kwa amri ya nane, ambayo katika Katekisimo Ndogo Luther anaieleza kuwa yatutaka pia kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema, hatuna budi kukiri kwamba hili si jambo dogo. Ni kampuni ambayo mali yake yote ilijengwa juu ya jiwe la chokaa, nayo imeandika kwa kalamu yake kwamba haiwezi kuendelea ilivyokuwa. Wapo wengi ambao hawajaandika lolote.

Lakini amri hiyo hiyo yatukataza ushuhuda wa uongo, na uongo haukai katika maneno ya wazi tu. Waweza kukaa katika kipimo. Kwa hiyo tuendelee kusoma.

3. Kuisoma ahadi kama kitabu cha usharika

Mzee wa kanisa atunzaye kitabu cha ahadi huwa na safu nne: nani ameahidi, ameahidi nini, ataitimiza lini, na mpaka sasa ametoa kiasi gani. Mchungaji ye yote aweza kuziweka safu hizo hizo mbele ya ahadi ya kampuni.

Tuanze na safu ya pili, yaani nini kilichoahidiwa. Tukiangalia vizuri tutaona kwamba malengo ya mwaka 2030 yametajwa kwa kila tani. Kuna tofauti kubwa baina ya kupunguza kwa tani na kupunguza kwa jumla. Tutoe mfano wa kubuni. Kiwanda fulani hutengeneza tani 1,000,000 kwa mwaka, na kila tani hutoa kilo 600 za hewa ya ukaa. Jumla ni tani 600,000. Baada ya miaka kumi kila tani hutoa kilo 500 tu, lakini sasa kiwanda hutengeneza tani 1,500,000. Jumla ni tani 750,000. Ahadi ya kwa tani imetimizwa na kupita, ilhali anga limepokea zaidi. Anga halihesabu kwa tani ya saruji, hupokea jumla.

Hatusemi kwamba kipimo cha kwa tani ni hila. Kina maana yake, kwa kuwa huonyesha kama ufundi wa kiwanda unaboreka, tena hakiiadhibu kampuni kwa sababu tu watu wanahitaji nyumba. Lakini msomaji anayeelezwa kwamba kampuni imepunguza kwa asilimia fulani hana budi kuuliza mara moja: kwa tani, au kwa jumla?

Kisha lipo neno halisi. Katika lugha ya kawaida, kiasi halisi ni kile cha kweli kisicho na nyongeza. Katika uhasibu wa tasnia ya saruji neno hili lina maana nyingine. Viwanda vingi huchoma takataka badala ya makaa ya mawe, kama matairi chakavu na plastiki, ambazo asili yake ni mafuta ya petroli. Hewa ya ukaa itokayo katika takataka hizo hupimwa, kisha hutolewa katika hesabu, kwa hoja kwamba takataka zile zingeweza kuchomwa au kutupwa mahali pengine. Kinachobaki huitwa kiasi halisi. Zile kilo 475 na 420 ni za hesabu ya namna hiyo. Hoja yenyewe yaweza kujadiliwa, na taarifa za makampuni huonyesha pia kiasi kizima. Lakini mtu asiyejua hudhani anasoma yote yaliyotoka katika bomba, kumbe sivyo.

Safu ya tatu ni lini. Mwaka 2030 uko karibu, na wengi wa viongozi wa sasa wa makampuni wanaweza kuulizwa juu yake. Mwaka 2050 uko mbali. Wengi wao watakuwa wamestaafu. Ahadi ya mbali bila hatua za karibu ni kama ya mshirika anayeahidi kuezeka kanisa ambalo bado halijachimbiwa msingi. Hapa Holcim imefanya vema kuweka vituo vya njiani.

Safu ya nne ni kiasi kilichotolewa. Kila mwaka kampuni huchapisha hesabu zake. Mwanafunzi wa theolojia anayeweza kulinganisha Injili tatu za kwanza safu kwa safu anaweza pia kulinganisha taarifa za miaka mitatu ya kampuni moja. Ni kazi ya uvumilivu tu.

Imebaki safu ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote: nani ameahidi?

4. Kiwanda kinapouzwa

Katika miaka ambayo ahadi hizo zilitolewa, Holcim iliuza viwanda vingi. Mwaka 2019 ilikamilisha kuuza biashara yake ya Indonesia. Mwaka 2022 iliuza ile ya India, iliyokuwa kubwa sana, kwa kundi la Adani. Kisha ikafika zamu ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 ilitangaza kuuza sehemu yake ya Hima kwa wanunuzi wa Uganda, na sehemu yake ya kiwanda cha Mbeya kwa kundi la makampuni la Amsons la Tanzania. Mwaka 2024 Amsons ilinunua pia Bamburi, ambamo Holcim ilikuwa na asilimia 58.6 ya hisa. Mwaka 2025 biashara ya Amerika Kaskazini nayo ilitengwa ikawa kampuni inayojitegemea iitwayo Amrize.

Kwa upande mmoja twaweza kufurahi kwamba Waafrika wamenunua viwanda vya Afrika. Lakini kwa habari ya ahadi tunayoichunguza, tazama lililotokea. Siku moja kabla ya mauzo, bomba la kiwanda limo ndani ya ahadi. Siku moja baada ya mauzo, limo nje. Tanuri ni lile lile, jiwe ni lile lile, hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa katika hati.

Haki yatudai kueleza kwamba kanuni za uhasibu za kimataifa zimeliona jambo hili. Kampuni ikiuza kiwanda, hutakiwa kurekebisha hesabu ya mwaka wa msingi, yaani mwaka ule inaoutumia kupimia punguzo lake, ili isijihesabie mauzo kuwa ni punguzo. Kanuni hiyo ni njema. Hata hivyo haijibu swali lote. Iwapo mnunuzi hakutoa ahadi kama ile ya muuzaji, basi ahadi imeishia langoni pa kiwanda, na wanaokaa kando ya kiwanda hawakuulizwa. Pia faida iliyopatikana katika miaka yote ya kuchoma jiwe lile imekwenda na muuzaji, wakati hewa iliyotoka imebaki angani, ambako sehemu yake kubwa hudumu kwa karne nyingi.

Bamburi yenyewe inatupa mfano wa kutafakari. Kampuni iliundwa mwaka 1951, na kiwanda kilianza kazi mwaka 1954 kaskazini mwa Mombasa, kikichimba chokaa ya matumbawe. Machimbo yaliacha uwanda mtupu, mweupe, wenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 alizojaribu ni 3 tu zilizostahimili, na mvinje ukashinda yote. Akaleta majongoo wayasage majani yake makavu, udongo ukaanza kujengeka, na leo mahali pale ni msitu wenye wanyama, unaojulikana kwa jina lake. Hili ni tendo la kweli la kuponya, na wanaolidharau hawajalijua. Lakini yatupasa kusema pia kwamba shimo lile liliweza kuponywa kwa sababu lilionekana. Jiwe lililotolewa pale liliacha shimo katika ardhi, tena likaacha lingine angani. La ardhini lilipata mtu wa kulipanda miti.

5. Kisiwa cha Pari

Pulau Pari ni kisiwa kidogo cha wavuvi karibu na Jakarta. Ni nchi ya chini, iliyoinuka kidogo tu kutoka usawa wa bahari, nayo hufurika mara kwa mara. Mwezi Julai 2022 wakazi wanne wa kisiwa hicho waliwasilisha madai dhidi ya Holcim nchini Uswisi kwa njia ya usuluhishi, na usuluhishi uliposhindikana wakafungua mashtaka katika mahakama ya Zug mapema mwaka 2023. Heks, shirika la misaada la Makanisa ya Kiprotestanti ya Uswisi, ni mojawapo ya mashirika yaliyowaunga mkono.

Madai yao yamepimwa kwa uangalifu. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya shauri hilo ulikadiria kwamba kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani bilioni 7 za hewa ya ukaa kati ya mwaka 1950 na 2021, ambazo ni asilimia 0.42 ya hewa yote ya ukaa iliyotokana na viwanda duniani. Kwa hiyo wakazi hao hawakudai kampuni ilipe hasara yote. Walidai ilipe asilimia 0.42 ya hasara zao na ya gharama za kujikinga na bahari. Tena walidai kampuni ipunguze hewa ya ukaa kwa asilimia 43 kufikia mwaka 2030 na asilimia 69 kufikia mwaka 2040, ikilinganishwa na mwaka 2019, na hapa walimaanisha jumla, si kwa tani tu. Asilimia hizo zinalingana na zile zilizotajwa na jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi kuwa ni za lazima, ili joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya zama za viwanda.

Hatuna nia ya kuitangulia mahakama. Tunaloliona ni kwamba shauri hili limegusa pale pale ambapo safu zetu ziliona udhaifu: jumla badala ya tani, na zamani pamoja na wakati ujao. Tena limefunguliwa dhidi ya kampuni ambayo haina kiwanda tena Indonesia. Wakazi wa Pari wanasema, kwa maneno mengine, kwamba mauzo hayakulifunika shimo.

6. Sheria ya shimo

Katika Kitabu cha Agano, Kutoka 21:33–34, imo sheria fupi ambayo wahubiri wetu huipita haraka. Mtu akichimba shimo na kuliacha bila kulifunika, na mnyama wa mwingine akatumbukia, mwenye shimo atamlipa mwenye mnyama. Walimu wa Kiyahudi waliokusanya Mishna waliliweka shimo kuwa mojawapo ya aina nne kuu za madhara ambayo mtu anawajibika kuyalipa.

Sheria hii ina mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, haikatazi kuchimba. Watu wanahitaji visima. Pili, haiulizi kama mchimbaji alimchukia jirani yake. Kosa ni kuacha wazi kitu ambacho chaweza kudhuru. Tatu, andiko laanza na yeye achimbaye na kumalizia na mwenye shimo, likichukulia kuwa ni mtu mmoja. Halikufikiri habari ya mtu achimbaye, akapata faida yake, kisha akauza. Hapo ndipo zama zetu zilipolipita andiko, na ndipo kazi ya theolojia inapoanzia. Kwa maoni yetu, nia ya sheria ni kwamba asikosekane mwenye kulifunika. Ikiwa umiliki umehama, wajibu haufi. Hugawanyika kati ya aliyechimba na anayemiliki, na si haki kumwachia aliyetumbukia.

Hata hivyo tujihadhari tusichanganye Sheria na Injili. Si nadra kuusikia ulinganisho wa mipango ya hewa ya ukaa na vyeti vya msamaha vya wakati wa Luther. Ulinganisho huo una mahali pake, hasa kampuni inaponunua hati za miti iliyopandwa mbali ili isibadili lolote nyumbani. Lakini malengo tuliyoyachunguza hayako hivyo. Yanadai viwanda vyenyewe vibadilike. Tena kampuni si mtu. Toba inayofundishwa katika kifungu cha 12 cha Ungamo la Augsburg, yenye majuto na imani, yahusu dhamiri mbele ya Mungu, na kampuni haina dhamiri ya namna hiyo. Wakurugenzi wanayo, wanahisa wanayo, na sisi wanunuzi tunayo. Kampuni haitubu, hurekebisha njia zake na kulipa. Hilo ni jambo la utawala wa kidunia, ambamo akili, sheria na mahakama ni vyombo vya Mungu. Na kifungu cha 16 cha Ungamo hilo hilo chafundisha kwamba Mkristo aweza kuvitumia bila hatia. Wavuvi wa Pari kwenda mahakamani si ukosefu wa upendo, wala Kanisa la Uswisi kuwasindikiza si kuingilia lisilolihusu.

Yupo lakini mtu mmoja katika Injili anayetuonyesha ahadi njema inafananaje. Zakayo, katika Luka 19:8, hasemi kwamba atapunguza kutoza kwa kila kichwa. Anataja kiasi, anataja watakaopokea, na anayarudia ya nyuma. Ahadi yake yaweza kuandikwa katika safu zote nne.

7. Sisi nasi

Mtu asiichukue makala hii kuwa ruhusa ya kuinyoshea Uswisi kidole na kujisahau. Habakuki 2:9–12 yanena juu ya jiwe lenye kulia kutoka ukutani na boriti kulijibu, juu ya wajengao nyumba kwa udhalimu. Kuta zetu nazo zina saruji.

Wala haitakuwa haki kumwambia mzazi ambaye mtoto wake anasomea chini ya mwembe kwamba saruji sasa ni dhambi. Nchi zetu zimetumia kidogo na zinahitaji zaidi. Mzigo wa kwanza ni wa wale waliokwisha kujenga. Lakini yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kamati ya ujenzi yaweza kumwuliza mhandisi kama saruji yenye majivu ya volkano inafaa kwa kuta na lipu, badala ya kuchukua yenye klinka nyingi kwa kila kazi. Yaweza kufikiria matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine na kutiwa saruji kidogo, tukikumbuka kwamba matofali ya kuchoma nayo hula misitu. Zaidi ya yote, yaweza kufuata hekima ya Luka 14:28–30 na kuhesabu gharama kwanza. Kanisa kubwa lililoishia kwenye linta na kuachwa miaka kumi limekwisha kuitoa hewa yote ya saruji iliyomo, na halimstiri mtu mvua.

Aidha, mchungaji hualikwa kubariki kiwanda kipya, na dayosisi hupokea msaada wa kampuni kwa ajili ya shule au kisima. Hatusemi mialiko hiyo ikataliwe. Twasema iende pamoja na maswali, yaulizwe kwa adabu mezani: Lengo lenu ni la kwa tani au la jumla? Mmeanzia kuhesabu mwaka gani? Mwaka jana mlifikia wapi? Na mkiuza kiwanda hiki, ahadi itabaki na nani? Wenye viwanda wapya wa nchi zetu waulizwe kama walivyoulizwa wale wa zamani, kwa kuwa sasa mabomba ni yao.

Mhubiri 5:4–5 hufundisha kwamba ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa. Kanisa lina uzoefu wa karne nyingi wa kutunza vitabu vya ahadi. Wanafunzi wetu watakaopelekwa katika sharika za Mbeya, Mombasa na Kasese watakuta viwanda hivyo jirani na madhabahu zao, na watu wanaofanya kazi ndani yake wakiwa washarika wao. Waende wakijua kuuliza, na kitabu cha ahadi cha usharika wao wenyewe kiwe wazi mezani wakati wanauliza.